Nani Atapiga Hendeli?

Insha hii ilianza na mkono uliovunjika. Huko kwetu Bukwo, kwenye miteremko ya Mlima Elgon upande wa Uganda, mdogo wangu alipiga hendeli ya trekta ya mjomba asubuhi moja ya msimu wa kulima. Injini haikwenda mbele. Ilirudi nyuma kwa ghafla, na hendeli ikamvunja mfupa juu kidogo ya kifundo cha mkono wa kulia. Alikuwa na miaka 16. Jioni watu wazima walikaa uani wakabishana kosa ni la nani, na kila mmoja alikuwa na hoja ya kueleweka. Mimi nilikaa kimya, kwa sababu nitakayoitaja mbele.

Tangu siku ile nimehudhuria mihadhara mingi ya maadili, lakini sijakutana na swali lililonisumbua kuliko lile la uani. Mtu anayeijua kazi yake akiamua kuiacha kanuni iliyoandikwa, kwa kuwa uzoefu wake unamwonyesha njia iliyo bora zaidi, ni nini kinachompa haki ya kufanya hivyo? Je, ni ujuzi wake peke yake?

Wengi wetu tunaosoma lugha hatujawahi kufungua injini, kwa hiyo namwomba msomaji anivumilie nieleze kwanza jambo lenyewe. Bila kulielewa, mabishano ya uani yataonekana kama ugomvi wa kawaida wa familia.

Trekta ya mjomba ni Ferguson TE20 ya petroli. Trekta hizi zilitengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na zilitoka kiwandani zaidi ya nusu milioni. Hii yetu babu aliinunua ikiwa tayari kuukuu kutoka shamba moja la mlowezi upande wa Kitale, ikavushwa mpaka wa Suam, na imelima mahindi kwetu tangu kabla sijazaliwa.

Ndani ya silinda, pistoni hupanda ikikandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi hutoa cheche, mchanganyiko unawaka na kuisukuma pistoni chini. Mtu angedhani cheche inapaswa kupigwa pale pistoni inapofika juu kabisa. Sivyo. Moto hauenei mara moja, unahitaji muda. Injini ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mzunguko mzima huchukua sehemu nne tu za mia za sekunde, kwa hiyo cheche ikisubiri kilele, nguvu itafika wakati pistoni imeshaanza kukimbia kushuka. Ndiyo maana cheche hupigwa digrii kadhaa kabla ya kilele. Ikichelewa mno, nguvu hupotea, moto humalizikia kwenye ekzosi, injini huchemka na valvu huungua. Ikiwahi mno, moto huikuta pistoni ingali inapanda na kuigonga kichwani. Kupanga jambo hili ndiko mafundi wetu wanakokuita kuweka taimingi.

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazopingana. Moja inasema haraka haraka haina baraka, nyingine inasema ngojangoja huumiza matumbo. Shuleni tulifundishwa kuzitumia zote mbili kupata alama za insha, lakini hatukufundishwa jinsi ya kujua leo ni zamu ya ipi. Taimingi ni kazi ya kujua hilo.

Chombo kinachoamua ni distributa. Ndani yake kuna pointi mbili ndogo za chuma zinazogusana na kuachana, na cheche hutoka pale zinapoachana. Fundi akilegeza boliti moja anaweza kuizungusha distributa nzima kwa mkono, akaiwahisha au kuichelewesha cheche. Kwa kuwa distributa huzunguka nusu ya mwendo wa injini, kosa la digrii moja pale juu ni digrii mbili kule chini kwenye krankshafti. Upana wa kucha unatosha kuharibu kazi. Ndani ya distributa pia kuna vyuma viwili vidogo vyenye springi ambavyo hutanuka kadiri mwendo unavyoongezeka, vikaisogeza cheche iwahi zaidi. Waliounda injini hii walijua kwamba wakati ufaao kwa injini inayokimbia haufai kwa injini inayoamka.

Na kuamka ndiko kulikotuletea msiba. Trekta hii ina stata. Kwenye Ferguson unaiwasha kwa kusukuma wenzo wa gia hadi mahali palipoandikwa S. Lakini stata hutaka betri nzima, na betri ya mjomba ilikuwa imechoka. Ilibakiwa na umeme wa kutosha kutoa cheche, si wa kuzungusha injini. Kwa hiyo kuzungusha kulibaki kazi ya mkono wa mtu, na mkono wa mtu huzungusha polepole. Cheche ikitoka mapema mno, pistoni haina mbio za kuivusha kileleni. Moto unaishinda nguvu, unairudisha ilikotoka, na hendeli inarudi pamoja nayo. Madaktari wa mifupa wana mvunjiko mmoja wa kifundo cha mkono ambao hadi leo huuita kwa jina la madereva, kwa sababu ya ajali hii hii. Magari ya Cadillac yalianza kuuzwa yakiwa na stata ya umeme mwaka 1912. Kwetu betri ikifa tunarudi nyuma ya mwaka huo.

Sasa nieleze siku moja kabla ya ajali. Trekta ilikuwa imedhoofika. Ilikuwa inachemka, ekzosi inakuwa nyekundu jioni, na jembe likikutana na udongo mzito inazimika. Mjomba alimwita fundi mmoja mzee ambaye wakulima wa pale wote humwamini. Akafungua distributa, akaona kipande kinachosukuma pointi kimelika, nafasi kati ya pointi imepungua, na kwa hiyo cheche imekuwa ikichelewa mwaka hadi mwaka bila mtu kujua. Akaweka pointi mpya. Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu.

Kitabu kinataka kazi iendelee hivi: unatoa plagi ya silinda ya kwanza, unaziba tundu kwa kidole, mwenzako anazungusha injini polepole mpaka uhisi hewa inasukuma kidole, kisha unaifuata alama ya kiwandani mpaka ikae mahali pake. Halafu unazungusha distributa ukitazama balbu ndogo uliyoiunga kwenye waya wa pointi, na pale balbu inapowaka tu, unakaza boliti. Asiye na balbu hubana karatasi ya sigara kati ya pointi, na karatasi ikichomoka kwa kuvutwa kidogo, anajua zimeachana. Fundi wetu hakufanya hivyo. Aliwasha injini, akalegeza boliti, akaizungusha distributa kwa vidole viwili huku kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Injini ikapanda sauti, ikawa nyepesi, ikazidi kuchangamka. Ufundi huo una sheria yake: unaisogeza mpaka injini ikimbie kuliko mahali pengine popote, kisha unairudisha nyuma kidogo kabla ya kukaza.

Alipofika pale pa kurudisha, alinigeukia. Nilikuwa nimerudi likizo, nimesimama nikitazama kwa heshima kubwa. Akaniuliza, "Mwanafunzi, unaisikiaje?" Nikamjibu, "Mzee, sasa inaimba." Mjomba akasema, "Basi fundi, acha hapo hapo." Fundi akakaza boliti.

Trekta ililima mchana ule kuliko miaka yote niliyoikumbuka. Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa baridi, mdogo wangu alitumwa kuiwasha.

Uani jioni, fundi alisema kijana alishika hendeli vibaya. Ni kweli. Hendeli hushikwa kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, na huvutwa kwenda juu, wala haisukumwi kwenda chini, ili ikirudi itoke mkononi yenyewe. Mdogo wangu aliizungushia kidole gumba, akaisukuma chini kwa uzito wa mwili. Mjomba alisema mashine ni mashine, nayo haina macho, na kwamba ekari za watu waliolipia kulimiwa zilikuwa zinasubiri. Mama mdogo, ambaye ndiye mama wa kijana na ambaye alimpeleka kwa mjomba ili asome, alisema neno moja tu, kwamba mwanawe alikwenda pale kusoma. Hakuna aliyemjibu.

Nianze na kidole gumba, kwa sababu ndiyo hoja inayoshawishi haraka. Ni kosa, na laiti angeshika vizuri huenda angeumia kidogo au asiumie. Lakini tujiulize kanuni ya kidole gumba ilitungwa kwa ajili gani. Ilitungwa kwa kuwa kila mtu anajua taimingi inaweza kukosewa. Ni kinga ya mwisho ya mtu aliye dhaifu zaidi katika mnyororo mzima. Fundi anayejitetea kwa kidole gumba anasema, bila kukusudia, kwamba kosa lake lilikuwa limewekewa akiba katika tahadhari ya mtoto. Tahadhari ya mwenzangu si mali yangu ya kutumia. Makosa mawili yanaweza kukaa katika tukio moja bila la pili kulifuta la kwanza.

Je, basi fundi alikosea kwa kuwa hakufuata alama? Nilipokuwa mwaka wa kwanza ningejibu ndiyo bila kufikiri. Leo siwezi. Alama ilichongwa kwa injini mpya, iliyotumia petroli ya miaka ile, katika nchi ambayo mashamba yake mengi hayako juu sana kutoka usawa wa bahari. Kwetu ni karibu mita 1,900. Hewa ya kimo hicho imepungua shinikizo kwa karibu moja ya tano, mchanganyiko ndani ya silinda ni mwepesi zaidi, moto unaenea polepole, na injini inaweza kuvumilia, hata kufaidika na cheche iliyowahi kidogo kuliko ya kitabuni. Ongeza kwamba mnyororo unaozungusha kishafti cha valvu na distributa hulegea kwa miaka, na ukilegea alama husema jambo moja na injini hufanya jingine. Anayefuata alama kwa upofu kwenye trekta ya miaka 70 huko Bukwo hafuati ukweli. Anafuata kumbukumbu ya Coventry.

Aristotle aliliona tatizo hili katika sheria za miji. Katika kitabu cha tano cha Nicomachean Ethics anaeleza kwamba sheria husema kwa ujumla, na mambo ya binadamu hayakubali kusemwa yote kwa ujumla, kwa hiyo inahitajika haki ya namna nyingine inayoirekebisha sheria pale ujumla wake unapokosea. Mfano wake ni wa mafundi, jambo lililonifurahisha sana: waashi wa kisiwa cha Lesbos walitumia rula ya risasi, chuma laini kinachojikunja kufuata umbo la jiwe. Rula ngumu ingelilazimisha jiwe. Nilipousoma ukurasa huo nilimwona fundi wetu kichwa kimeinama, na nikaona nimempatia wakili mkubwa kuliko wote.

Nilikuwa na wakili mwingine. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya 1967, alizilaumu shule tulizorithi kwa kuwafanya vijana waamini kwamba maarifa ya maana ni yale ya vitabuni, na kwamba mzee asiyesoma hana la kuwafundisha. Nilikuwa nimesoma maandishi hayo muhula uliotangulia likizo ile. Nadhani ndiyo maana nilisimama pale kama mtu aliye ibadani. Nilitaka sikio la mzee lishinde kitabu. Nililitakia ushindi kabla halijafanya kazi, na huko nako ni kutomsikiliza mzee, kwani mzee mwenyewe alikuwa ameniuliza swali.

Tulitazame sasa sikio lenyewe. Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha 1949, The Concept of Mind, alitofautisha kujua kwamba jambo liko hivi na kujua namna ya kulifanya, akakataa kwamba kujua namna ya kufanya ni kusoma kanuni kichwani kimyakimya na kuzitii. Ninakubaliana naye. Sikio la fundi ni maarifa kamili, si ubashiri. Lakini maarifa yoyote yana mahali yanapoona na mahali yasipoona. Sikio husikia injini inayokwenda. Ikiwa imepata moto, imechangamka, vyuma vya distributa vimetanuka, kila digrii unayoiongezea inaisikika kama neema. Injini iliyowahishwa mno huimba vizuri kabla ya kuanza kugonga. Yaani upande ule hasa ambako kosa liko ndiko raha iliko. Anayetegemea sauti nzuri peke yake anavutwa kila mara upande mmoja, na hawezi kujua kwa kusikiliza zaidi, kwa sababu kusikiliza ndiko kunakomvuta.

Asubuhi ya baridi haisikiki mchana. Hiyo ndiyo sehemu ya injini ambayo sikio haliioni, na inajulikana kwa njia moja tu, ya mkono wa mtu aliyeshika hendeli. Waswahili wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Fundi alikuwa na maarifa ya mchana, na mdogo wangu akatumwa kwenda kupata ya asubuhi.

Kwa hiyo jibu langu, baada ya kulizungusha kwa muda mrefu, ni hili. Haki ya kuiacha alama haitokani na ujuzi peke yake. Ujuzi unampa mtu uwezo wa kuiacha, nao ni jambo tofauti na haki. Haki huanza pale anayeiacha anapokwenda kusimama mahali ambapo matokeo ya uamuzi wake yataangukia, au angalau anapomwarifu atakayesimama hapo. Rula ya risasi ya Lesbos inajikunja kufuata jiwe, lakini tusisahau kwamba jiwe lilikuwa mbele ya mwashi, mikononi mwake, na kama ukuta ungeanguka yeye alikuwa chini yake. Aristotle hakuhitaji kulitaja hilo. Sisi tunahitaji, kwa sababu katika kazi zetu nyingi anayekunja rula yuko mbali na ukuta.

Mwenzangu mmoja niliyemsomea rasimu ya insha hii alinipinga vizuri. Akasema: daktari wa upasuaji hawezi kujipasua kwanza, rubani hawezi kumwuliza kila abiria, na fundi mzee mwenye mikono ya chuma akipiga hendeli mara 10 bila kuumia hajathibitisha chochote kuhusu mtoto wa miaka 16. Hoja yake ya mwisho ndiyo iliyonitia shida zaidi. Ni kweli, mkono wa fundi si mkono wa kijana. Lakini mkono wa fundi ungehisi. Hendeli iliyowekwa mapema mno husukuma kidogo hata pale isiporudi. Inakuwa nzito kwa namna ya ajabu karibu na kilele, na mtu aliyezoea huhisi na kusema, "Hapana, hii inataka kurudi." Fundi angekuja asubuhi moja tu, kabla jua halijapanda, ujuzi wake ungekuwa na nafasi ya kufanya kazi mahali ulipohitajika zaidi. Kuhusu daktari, pale ambapo mtu hawezi kusimama mahali pa mwingine, anabaki na deni la kumweleza. Mgonjwa huambiwa kabla ya kupasuliwa. Mdogo wangu hakuambiwa lolote. Alikwenda kwenye trekta ya jana, akakuta trekta nyingine.

Kuna jambo la kihistoria linalonirudia kila ninapofikiri haya. Katika magari ya kale, kama Ford Model T, dereva alikuwa na wenzo mdogo karibu na usukani wa kuwahisha na kuchelewesha cheche. Kabla ya kwenda mbele kupiga hendeli aliushusha au kuupandisha mpaka cheche ichelewe, na injini ikishawaka akairudisha. Watu walivunjika mikono hata hivyo, kwa kusahau. Lakini aliyesahau alikuwa amesahau kwa ajili ya mkono wake mwenyewe. Ferguson ilikuja na vyuma na springi vya kufanya kazi hiyo bila mtu, na bila shaka ni maendeleo, sitaki kurudi kwenye wenzo. Ila uamuzi wa mwanzo ulihama kutoka mkononi mwa anayewasha ukaenda chini ya boliti ambayo mtu mwingine huikaza siku nyingine. Tangu hapo anayewasha hana la kuamua, ana la kupokea tu.

Nimeahidi kueleza kwa nini nilinyamaza uani. Niliulizwa nami nikajibu. Sikujua kitu, ila nilikuwa na neno zuri la kusema, nikalisema, na neno lile lilikuwa miongoni mwa yaliyokaza boliti. Sidai kwamba mimi ndiye niliyemvunja mkono. Fundi angeweza kunipuuza, na mjomba angesema aliyosema hata kama nisingekuwapo. Lakini nilijua jambo moja ambalo kijana hakulijua: kwamba trekta ilikuwa imebadilishwa, na kwamba fundi mwenyewe alitaka kuirudisha nyuma kidogo akaachishwa. Tulilala chumba kimoja usiku ule, tukazungumza habari za mpira mpaka usingizi ukatuchukua.

Wiki iliyofuata fundi alirudi bila kuitwa. Alitoa plagi, akatafuta alama kwa kusugua kutu na kitambaa chenye mafuta ya taa, akaunga balbu, akaweka cheche kwenye alama. Kisha akaiwahisha kidogo, kidogo sana, akachora mstari kwa patasi kwenye shingo ya distributa ili mahali pale pajulikane. Akalala kwetu. Alfajiri, umande ukiwa juu ya bati la trekta, akapiga hendeli mwenyewe mara nne, akiizima injini na kuiacha ipoe kati ya mara na mara. Baada ya mara ya pili alilegeza boliti akairudisha tena upana wa uzi, akafuta mstari wa kwanza na kuchora wa pili. Hakuniuliza naisikiaje. Kwa mjomba alisema, "Mzee, hapa ndipo ninapoweza kupiga hendeli bila hofu. Zaidi ya hapa sitaweka."

Trekta imepungukiwa nguvu tangu hapo. Si kama ilivyokuwa kabla, lakini pale juu kwenye udongo mzito mjomba hulazimika kupunguza kina cha jembe, na shamba alilokuwa akilimaliza kwa siku mbili sasa linamaliza siku mbili na nusu. Nusu siku hiyo ni petroli na ni pesa ya wateja wawili watatu kwa msimu, na karo ya mdogo wangu hutoka humo humo. Mjomba husema hivyo kila msimu, wala hadanganyi. Msimu uliopita aliuliza tena kama ule mstari hauwezi kusogezwa, angalau mpaka mvua zianze. Betri mpya bado hajanunua. Mdogo wangu, ambaye mkono wake umepona ila haukunjiki sawasawa na wa kushoto, alikuwa amekaa karibu akisaga makali ya panga, nikamwona ameacha kusaga ili asikie fundi atajibu nini.